Michael Faraday, Mwalimu wa Elektrolisisi

Mwalimu wa kemia afundishapo elektrolisisi hana budi kutaja elektrodi, anodi, kathodi na ioni. Mara nyingi wanafunzi huyakariri maneno hayo kana kwamba yalizaliwa pamoja na mtaala. Kumbe yaliingizwa katika sayansi mwaka 1834 na mtu ambaye hakupata kusoma chuo kikuu, wala hakuwa hodari wa hisabati. Maisha yake yana mafunzo kwa kila anayejiandaa kusimama mbele ya darasa.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, Newington, kusini ya London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Mwaka 1805 akawa mwanagenzi wa George Riebau, fundi wa kujalidi vitabu, akakaa kwake miaka saba. Vitabu vilivyoletwa kutiwa majalada alivisoma. Kimojawapo kilikuwa kitabu cha kemia cha Jane Marcet, kilichoandikwa kwa njia ya mazungumzo baina ya mwalimu na wanafunzi wake.

Faraday hakuridhika na kusoma tu. Mwaka 1812 alitengeneza betri kwa sarafu saba za shaba, vipande saba vya zinki na karatasi zilizoloweshwa maji ya chumvi, akaitumia kuchangua salfeti ya magnesi. Mwaka huo huo alihudhuria mihadhara minne ya Humphry Davy katika Royal Institution, London. Aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake, akampelekea Davy kuomba kazi. Mwezi Machi, 1813, akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara.

Tangu mwanzo Faraday aliutazama ufundishaji kama jambo la kuchunguzwa. Katika barua zake za mwaka 1813 alijadili hewa ya ukumbi, mpangilio wa vifaa, sauti ya msemaji na uwezo wa wasikilizaji kusikiliza. Aliona saa moja yatosha. Baadaye alilipia masomo ya usemaji. Alipokuwa mhadhiri mashuhuri, msaidizi wake alimwekea kadi ya kumkumbusha asiseme kwa haraka. Kati ya 1827 na 1860 aliendesha mfululizo 19 wa mihadhara ya Krismasi kwa vijana.

Mwaka 1831 aligundua jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme. Kisha akageukia elektrolisisi. Alibadilisha ukubwa wa elektrodi na ukali wa asidi, akapima gesi iliyopatikana. Akaona kwamba kiasi cha zao hufuata kiasi cha umeme uliopita, si umbo la chombo. Kwa kuwa majina ya zamani yalibeba dhana zisizothibitishwa, alimwomba msaada William Whewell, mtaalamu wa Cambridge, na kwa mashauriano hayo yakapatikana maneno tunayoyatumia hadi leo.

Katika majira ya Krismasi ya mwaka 1860 alitoa mihadhara sita juu ya mshumaa. Alionyesha kwamba mwali wake hutoa hewa ya ukaa inayoyageuza maji ya chokaa kuwa meupe, na kwamba pumzi ya binadamu hufanya vivyo hivyo. Katika mihadhara hiyo hiyo aliyachangua maji kwa umeme. Faraday alifariki tarehe 25 Agosti, 1867.

Mambo hayo mawili, hewa ya ukaa na umeme, leo yamekutana. Watafiti hupitisha umeme ili kuigeuza hewa hiyo kuwa monoksidi ya kaboni, ethilini au alkoholi. Katika alkali, sehemu kubwa ya hewa hiyo hupotea kwa kugeuka kabonati. Katika asidi upotevu huo hupungua, lakini ioni za hidrojeni ni tele, nazo hunyakua elektroni kwenye kathodi na kutoa hidrojeni isiyotakiwa. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba ioni za potasi zikikusanywa karibu na kathodi ya shaba, na mkondo ukiwa mkubwa hata ioni za hidrojeni zilizo karibu zitumike upesi kuliko zinavyofika, mazao ya kaboni huweza kupatikana hata katika asidi kali. Sehemu ya umeme iliyoingia katika zao linalotakiwa hupimwa kwa kanuni ya Faraday, na kipimo chenyewe huitwa kwa jina lake.

Mwalimu aweza kulitumia jambo hili darasani. Molekuli moja ya hidrojeni huhitaji elektroni 2. Ya ethilini huhitaji 12. Wanafunzi waambiwe kwamba kulomu 100 zimepita, na hidrojeni iliyopimwa imetumia 40. Waulizwe 60 zimekwenda wapi, na kwa nini kipimo cha gesi moja hakitoshi kujibu. Hapo kanuni huacha kuwa maneno ya mtihani, ikawa hesabu ya mapato na matumizi.

Shule isiyo na maabara isikate tamaa. Shaba ya waya, zinki ya betri kavu iliyokwisha, karatasi na maji ya chumvi vyatosha kuanzia, kama vilivyomtosha yule mwanagenzi. Mwanafunzi atabiri kwanza, atazame, kisha aeleze. Jina la kitaalamu lifuate baada ya jambo lenyewe kuonekana, kwani ndivyo maneno anodi na kathodi yalivyopatikana. Tukiyatanguliza maneno, tutapata wakariri. Nchi inayohitaji mafundi na watafiti haitanufaika nao.