Shaaban Robert na Nchi Inayoelea Angani

Wanafunzi wa kitivo chetu wanapofika kwenye kitabu cha Kusadikika, swali la kwanza huwa lilelile: nchi hiyo inayoelea angani ni nchi gani hasa? Wengi huja na jibu tayari. Ni Tanganyika ya Waingereza, husema, na mazungumzo huishia hapo. Makala haya yanapitia maisha ya mwandishi ili kuona kama jibu hilo linatosha. Tunataka pia kujua kama mtoto anayeisoma hadithi hiyo bila habari yoyote ya ukoloni anakosa kitu, au anaona jambo ambalo sisi wakubwa tumelipita.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Asili ya baba yake ilikuwa ya Wayao, watu wa bara, lakini yeye alilelewa pwani, akawa Mswahili kwa lugha na Mwislamu kwa dini. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Alipofika miaka kumi hivi, nchi ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa Waingereza. Kati ya 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, akawa wa pili kati ya wanafunzi kumi na mmoja waliopata cheti. Masomo yake ya shule yakakomea hapo.

Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha, akadumu humo hadi 1944, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo. Baadaye alikuwa idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya mjini Tanga, kisha idara ya upimaji ardhi. Kwa zaidi ya miaka thelathini, basi, mtu huyu alikula mshahara wa serikali ya kikoloni. Mchana aliandika barua na hesabu za wakubwa wake. Mashairi na hadithi zake zilingoja saa za mapumziko. Jambo hili ni zito kwa msomaji. Karani hakuwa na nafasi ya kuisema serikali waziwazi na bado akabaki mezani pake kesho yake.

Nyumbani alikuwa na mizigo mingine. Mke wake Amina alifariki, naye akamwandikia shairi ambalo hadi leo linasomwa shuleni. Kwa binti yake alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, akiwausia jinsi ya kuishi na watu. Kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuja kuwa mwandishi wa hadithi, alipeleka barua tangu 1931 hadi 1958. Zimekusanywa na kuchapishwa kitabu. Tukumbuke mambo hayo mawili, jina la Adili na mapenzi ya ndugu, kwa maana tutayakuta tena.

Hadithi za ajabu hazikuwa ngeni kwa Mswahili wa wakati wake. Masimulizi ya majini na ya wanyama wanaosema yalijaa pwani yote. Hadithi za Alfu Lela Ulela zilikuwa zimetiwa katika Kiswahili, na Frederick Johnson alikuwa ametafsiri safari za Gulliver, kitabu cha Jonathan Swift. Kitabu hicho cha mwisho kinatufaa kama kipimo. Swift alikiandika mwaka 1726 ili kuwachapa kwa kicheko wakubwa wa nchi yake. Baada ya muda watoto wakakichukua, na leo wengi wanamjua Gulliver kama mtu mkubwa aliyefungwa kamba na watu wadogo, basi. Humo pia mna kisiwa kinachoelea angani, na wasomaji wengine wamekilinganisha na nchi ya Shaaban Robert.

Kusadikika kilichapishwa 1951. Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na mshitaki wake ni Majivuno, mkubwa wa serikali. Kwa siku sita Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita. Wajumbe hao walitumwa mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na habari njema, na kila mmoja aliadhibiwa. Mwishoni Karama anaachiliwa huru.

Ni rahisi kuona kwa nini wasomaji wa baada ya uhuru waliuona ukoloni humo. Karani wa serikali anaandika juu ya nchi ambako kudai sheria ni kosa. Nchi hiyo anaiweka angani ili isikamatike. Usomaji huu una haki yake, na maisha ya ofisini tuliyoyataja yanautia nguvu. Lakini kuna jambo unaloliacha nje. Wanaoionea nchi ya Kusadikika ni wananchi wake wenyewe. Mfalme ni wao, mawaziri ni wao, magereza ni yao. Hakuna mgeni aliyevuka bahari kuja kuwatawala. Mtoto anayeisoma hadithi kama ilivyo huliona hilo mara moja, kwa sababu hana ramani ya Tanganyika ya kuwekea juu yake.

Mwaka uliofuata, 1952, kikatoka Adili na Nduguze, kitabu kilichosomwa na watoto wengi wa shule. Ajabu ni kwamba wanaotafuta ukoloni katika kila mstari wa Kusadikika hukipita hiki kama hadithi ya kufundisha adabu tu. Mwandishi ni yuleyule, na miaka imefuatana. Adili ni mtawala wa Janibu, chini ya Mfalme Rai. Kila usiku huwachapa manyani wawili, na mjumbe wa mfalme aliyekuja kuchukua kodi anauona ukatili huo kwa siri. Baadaye tunajua kwamba manyani hao ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu, na Huria wa majini akawageuza wanyama. Kuwachapa ni amri aliyopewa Adili, naye anaitii huku moyo ukimuuma.

Kiini cha hadithi hii kimetoka Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu waligeuzwa mbwa. Kwa nini nyani? Huenda ni kwa sababu mbwa kwa Mwislamu wa pwani ana unajisi unaomweka mbali na nyumba, lakini nyani ana mikono na uso wa kumkumbusha mtu nduguye. Vyovyote iwavyo, tukisema haraka kwamba manyani ni ishara ya wivu, tunapoteza lile linalomliza msomaji mdogo: mtu mwema anampiga ndugu yake kila usiku na hawezi kuacha. Mtu aliyemwandikia mdogo wake barua kwa zaidi ya robo karne alijua uzito wa jambo hilo. Na jina alilompa mhusika wake ni lile alilolipa utenzi wa kumuusia mwanawe.

Hapa Lubumbashi tuna sababu yetu ya kutodharau usomaji wa mtoto. Katika miaka ya 1940, mji ulipoitwa Elisabethville, watu walisimuliana habari za batumbula, waliosemekana kuteka watu usiku kwa ajili ya wazungu; waliotekwa waligeuzwa nguruwe. Msimulizi hakusema kwamba nguruwe ni mfano wa kitu kingine. Alifunga mlango mapema. Watafiti wa historia walikuja baadaye, wakaona ndani ya masimulizi hayo malalamiko juu ya kazi, miili na nguvu za wageni. Wameona kweli. Lakini wasingeona kitu kama watu hawangeanza kwa kuogopa nguruwe mwenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa Kusadikika. Katika mji ambao karibu nao Patrice Lumumba aliuawa mwezi wa Januari 1961, msomaji hahitaji maelezo marefu juu ya mjumbe anayerudi na habari njema akapokewa na adhabu. Wala hatafikiri kwanza ofisi za Waingereza za Tanga. Atafikiri za kwake. Kama hadithi ingekuwa barua ya siri juu ya Tanganyika ya 1951, ingekuwa imekwisha kazi yake siku Waingereza walipoondoka. Kwa kuwa nchi ile iko angani kweli ndani ya hadithi, na wakubwa wake ni wenyeji, inaweza kushuka juu ya mji wowote.

Shaaban Robert aliuona uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, lakini hakuishi nao sana. Alifariki mwezi wa Juni 1962, akiwa na miaka hamsini na mitatu, akazikwa Vibambani alikozaliwa. Kufikirika, hadithi nyingine ya nchi ya kubuni, aliyokuwa ameiandika tangu miaka ya 1940, ilichapishwa 1967, bendera ya Waingereza ikiwa imekwisha kushuka. Waliokisoma kitabu hicho kwa mara ya kwanza walikuwa raia wa nchi huru, wenye mfalme wa kubuni mbele yao na wakubwa wao wenyewe ofisini.

Basi tunapoulizwa darasani nchi ile ni nchi gani, tusiwe na haraka ya kutaja jina. Tumwache kwanza Karama asimame mbele ya baraza lake, angani, kwa siku zote sita, na tumsikilize kama asikilizavyo mtoto. Jina la nchi litakuja, na huenda lisiwe lile tulilokuja nalo.