Paul Ehrlich na Dawa Iliyosumbua Kuyeyuka

Wengi wetu tukisikia neno kemia tunakunja uso. Paul Ehrlich yeye alikuwa kinyume. Mjerumani huyu alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji wa Strehlen, ambao leo uko Poland. Akisomea udaktari alishinda na rangi za kutilia nguo, akitazama jinsi rangi moja inavyoshika chembe fulani za mwili na kuziacha nyingine. Basi akajiuliza mbona isipatikane sumu ya kushika kijidudu peke yake na kumwacha mgonjwa salama.

Swali hilo halikuwa la mchezo. Mwaka wa 1906 na 1907 Robert Koch alikuwa hapa jirani, visiwa vya Ssese nchini Uganda, akiwadunga wagonjwa wa malale dawa ya aseniki iitwayo Atoxyl. Wengine walipata nafuu, wengine wakapofuka kabisa. Ehrlich, huko Frankfurt, alikuwa akiibadilisha molekuli ya dawa hiyo, mara anaongeza, mara anapunguza. Mwaka wa 1909 msaidizi wake Mjapani, Sahachiro Hata, aliwajaribia nambari 606 sungura wenye kaswende. Wakapona! Mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kwa jina Salvarsan.

Kumbe kazi bado. Unga huo wa manjano uliharibika ukipata hewa, na kuuyeyusha kulikuwa kibarua. Ukitiwa maji ulitoa asidi kali, kwa hivyo daktari aliongeza kostiki soda tone kwa tone. Dawa iliganda kwanza, halafu ikayeyuka tena. Akikosea, au dawa ikivuja nje ya mshipa, nyama ya mgonjwa iliungua na hata kuoza. Mtu amekuja kutibiwa kaswende, anarudi na kidonda kibaya!

Lawama zikamwangukia Ehrlich, lakini hakuitupa 606. Yeye na wenzake walipachika kwenye molekuli ileile kipande chenye salfa na sodiamu, kinachopenda maji kama chumvi ya jikoni. Hiyo ndiyo nambari 914, Neosalvarsan, ya mwaka wa 1912. Nguvu yake ilipungua kidogo, ila iliyeyuka upesi katika maji matupu, na daktari hakuhitaji tena kuhesabu matone. Vitabu husifu 606. Mimi naona 914 ndiyo iliyomfaa zaidi mgonjwa wa kawaida.

Ehrlich alifariki tarehe 20 Agosti 1915. Dawa yake iliendelea kudungwa mpaka penisilini ilipoichukulia nafasi katika miaka ya 1940.