LUCA PACIOLI, MUTAWA ALIYEFUNDISHA DEBI NA KREDI

Katika namba hii tunapenda kuwaelezea maisha ya mutu mumoja ambaye wenzetu wa seksio ya biashara wanasumbuka kila siku juu ya kazi yake, bila kujua hata jina lake. Ni Luca Pacioli, mutu wa Italia. Wengi wanamwita baba ya kontabilite. Tutaona kama jina hilo linamufaa nusu tu, lakini ile nusu inatosha.

Alizaliwa kando ya mwaka 1447 katika muji mudogo wa Sansepolcro. Wakati ule, mutoto wa mufanya biashara hakuenda universite kujifunza kuhesabu. Alienda shule ya hesabu, kule akajifunza bei, mizani, faida ya deni, na namna ya kubadilisha feza ya muji huu kwa feza ya muji ule. Universite ilikuwa ya Kilatini: teolojia, sheria, uganga. Kontabilite haikuwa na kiti pale hata kidogo.

Alipokuwa kijana wa miaka kama 17, Luca akaenda Venice, muji wa bahari na biashara nyingi. Mufanya biashara mumoja, Antonio Rompiasi, akamupa kazi ya kufundisha watoto wake watatu. Mufundishaji huyu alikuwa yeye mwenyewe mwanafunzi: alifundisha wale watoto, tena akafuata masomo ya hesabu katika muji. Na nyumbani mwa Rompiasi aliona kwa macho yake ginsi mali inavyoingia na kutoka, na ginsi inavyoandikwa. Mwaka 1470 aliandika kitabu cha hesabu kwa ajili ya wale vijana watatu.

Kisha akaingia katika shirika la watawa wa Fransisko. Mwaka 1477 tunamukuta Perugia, anafundisha hesabu katika universite. Toka pale hakutulia tena: Roma, Napoli, Milano, Florence, Bologna. Wakubwa wa shirika hawakufurahi sikuzote na mutawa wa namna hii. Mwaka 1491 walimukataza kufundisha vijana wa muji wa kwao. Lakini yeye hakuacha.

Mwaka 1494, kule Venice, akatoa kitabu chake kikubwa, Summa, kurasa zaidi ya 600 juu ya hesabu yote iliyojulikana. Ndani yake muna sehemu fupi ya vichwa 36 juu ya vitabu vya mufanya biashara. Ile sehemu fupi ndiyo imebeba jina lake mpaka leo. Na jambo tunalolipenda sana: hakuiandika katika Kilatini cha universite, lakini katika luga ambayo watu wa soko walikuwa wanasema.

Ile namna si yeye aliyeibuni. Muji wa Genoa ulikuwa unaandika hesabu zake mara mbili, debi na kredi, tangu mwaka 1340. Hata Benedetto Cotrugli aliandika juu ya jambo hili mwaka 1458, lakini maandiko yake yalikaa bila kupigwa chapa mpaka 1573. Luca alitangulia kwenye mashini.

Anafundisha nini? Kwanza andika mali yako yote, kuanzia nyumba mpaka vyombo. Kisha shika vitabu vitatu. Cha kwanza ni cha kukumbuka: kila kitu kinaandikwa mule siku ileile, hata wanawake wa nyumba wanaweza kuandika, kwa feza yoyote iliyopokelewa. Cha pili ni jurnali: pale feza zote zinageuzwa kuwa za aina moja. (Sisi tunaonunua kwa franka na kuhesabu kwa dolari, tunajua hiyo kazi.) Cha tatu ni kitabu kikubwa, debi kushoto, kredi kulia. Kila mustari wa jurnali unaingia mule mara mbili, na unapoingia, unaukata katika jurnali mara mbili, ili usiuandike tena. Mwishoni unajumlisha pande zote mbili. Kama hazilingani, kosa liko, na ni lazima ulitafute mpaka ulione.

Alijua pia ujanja wa watu. Anasema kuna wafanya biashara wenye kushika vitabu mara mbili, kimoja cha kuonyesha muuzaji, kingine cha kuonyesha munuzi. Kwa hiyo anasifu desturi ya Perugia, ya kupeleka vitabu kwenye ofisi ya serikali kwanza, viandikwe jina la mwenyewe na vipigwe muhuri.

Kando ya 1496 alienda Milano. Kule akakuwa rafiki na mwalimu wa Leonardo da Vinci, ambaye alichora picha za kitabu chake kingine cha hesabu. Mwaka 1499 askari wa Ufaransa walikamata muji, na wote wawili wakatoka.

Hapa tuseme pia neno ambalo halimusifu. Kitabu kile kilipopigwa chapa mwaka 1509, sehemu yake moja ilikuwa kazi ya Piero della Francesca, muchoraji wa kwao Sansepolcro, aliyekufa mwaka 1492. Luca aliigeuza katika Kiitalia bila kutaja jina la mwenyewe. Mwaka 1550 Vasari alimushitaki wazi juu ya ule wizi. Wengine wanamutetea, ya kama watu wa wakati ule hawakuangalia sana mambo hayo. Sisi hatukubali. Mutu aliyeandika kwamba kila kitu kilichopokelewa kiwe na jina la aliyekitoa, alijua vema deni ni nini.

Alikufa kwao mwaka 1517. Mwaka 1543 kitabu cha Jan Ympyn kilichofuata mafundisho yake kikatolewa kule Antwerpen, katika Kiflama na Kifaransa. Inchi yetu, ambayo vitabu vyake vya kwanza vya kontabilite vilitoka Ubelgiji, iliingia OHADA mwaka 2012, na namba nyingi za konti zikabadilika. Debi ilibaki kushoto.