Röntgen, mtu aliyeuona mfupa bila kisu

MFUGAJI wa Kajiado achomwapo na mwiba wa mgunga huung'oa, akaendelea kuwafuata ng'ombe wake. Mara chache, kuvu au bakteria wa udongoni huingia na mwiba huo. Miezi au miaka baadaye wayo huvimba, ukatoboka na kutoa usaha wenye chembechembe. Huo ndio mguu wa Madura, maradhi ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyatia mwaka 2016 katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Aghalabu hauumi mwanzoni, na ndiyo sababu wagonjwa huchelewa.

Daktari, awe Kitengela au Kajiado mjini, hutaka kujua iwapo uvimbe umefika mfupani. Hapo ndipo anapohitaji kazi ya Wilhelm Conrad Röntgen.

Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845, mjini Lennep, Ujerumani, mwana wa mfanyabiashara wa nguo, akakulia Uholanzi. Alifukuzwa shule mjini Utrecht kwa mchoro wa kumkejeli mwalimu, ambao inasimuliwa haukuwa wake. Hata hivyo, mwaka 1869 alipata shahada ya uzamifu mjini Zurich, Uswisi.

Usiku wa Novemba 8, 1895, akiwa profesa mjini Würzburg, alikuwa akipitisha umeme katika neli ya kioo aliyoifunika kwa karatasi nzito nyeusi. Kibao kilichopakwa kemikali, kilichokuwa kando, kikang'aa. Kwa majuma kadhaa alijifungia maabarani, akila na kulala humo. Desemba 22 aliupiga picha mkono wa mkewe, Bertha. Ikaonekana mifupa, na pete. Miale hiyo aliipa jina la X, herufi ya kitu kisichojulikana.

Mwaka 1901 alitunukiwa Tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya Fizikia, na fedha zake akakipa chuo kikuu cha Würzburg. La ajabu zaidi, alikataa kuchukua hataza. Yeyote aliyeweza kuunda mtambo huo aliuunda bila kumlipa hata senti.

Katika mguu wa Madura, eksirei huonyesha mashimo mfupani: ya kuvu aghalabu machache na makubwa, ya bakteria madogo na mengi. Ugonjwa ukiwa mchanga picha yaweza kutoonyesha kitu, na hapo mashine ya mawimbi ya sauti husaidia zaidi. Hata hivyo, kipande cha nyama sharti kipelekwe maabara, kwani dawa ya bakteria haiui kuvu. Akikosea daktari, kuvu huendelea kula mfupa, na mwisho wake huenda ukawa kukatwa mguu.

Bertha alifariki mwaka 1919. Mfumuko wa bei uliofuata vita ulimmalizia Röntgen akiba yake, naye akafa kwa saratani ya utumbo mjini Munich, Februari 10, 1923. Alizikwa Giessen. Barua na maandishi yake mengi yaliteketezwa, kama alivyousia.