Kitereza: Alisubiri kitabu chake miaka 35, kikafika ameshazikwa

Ukipanda meli Mwanza kwenda Nansio, unaelekea kisiwa cha Aniceti Kitereza. Maisha ya mzee huyu yangewekwa jukwaani, watu wangecheka, halafu wangeona aibu kwa kucheka.

Alizaliwa 1896 katika ukoo wa watemi wa Ukerewe. Wamisionari wakamsomesha mpaka Kilatini na Kijerumani, na aliwahi kufanya kazi Mwanza kwa mfanyabiashara Mwitaliano. Lakini aliposhika kalamu kuandika riwaya, aliandika Kikerewe. Alitaka wajukuu wa kisiwa wasisahau wazee wao waliishi vipi.

Alimaliza mwaka 1945. Ni habari ya Myombekere na Bugonoka, mtu na mkewe wanaopendana ila hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke, wakwe wanakuja kumchukua binti yao, na Myombekere akienda kumwomba arudi anatozwa faini ya pombe ya ndizi! Hapo unacheka. Mwisho mganga anawasaidia, wanapata Ntulanalwo na Bulihwali.

Nyumbani kwa mwandishi haikuwa hivyo. Yeye na mkewe, Anna Katura, walizaa, lakini watoto wao wote walikufa. Kwa hiyo mtoto anapolia kitabuni, ujue nani alikuwa anamsikiliza.

Basi ikaja kazi ya kuchapisha. Wachapishaji wakakataa, eti Kikerewe kina wasomaji wachache. Padri Almas Simard kutoka Kanada akaanza kuitafsiri kwa Kifaransa, akafariki kabla hajamaliza. Miaka ikaenda, mswada umekaa tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Kitereza, mzee wa zaidi ya miaka 70 na viungo vinauma, akakaa chini akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Mamia ya kurasa, upya.

Tanzania Publishing House ikakubali. Kitabu kina mwaka 1980, lakini nakala zilichelewa kufika Ukerewe. Kitereza alifariki 1981, hajakishika. Zikafika baadaye.

Mwaka 2002 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe. Hakutumia toleo la Kiswahili. Alitafsiri kutoka mswada ule ule wa Kikerewe uliokataliwa.