Kocel: Mtawala Aliyejifunza Hati ya Watu Wake

Kocel alirithi nchi ya ugenini. Baba yake, Pribina, alikuwa mkuu wa Nitra, katika Slovakia ya leo, hadi alipofukuzwa na Mojmir wa Moravia yapata mwaka 833. Baada ya kutangatanga pamoja na mwanawe, alipewa na Ludwig, mfalme wa Wafaranki wa Mashariki, ardhi yenye vinamasi kando ya mto Zala, karibu na ziwa Balaton nchini Hungaria. Hapo palisimama ngome yao, Mosapurc. Wamoravia walipomuua Pribina takriban mwaka 861, Kocel alirithi nchi pamoja na utiifu wake: Mslavu akiwatawala Waslavu kwa ridhaa ya Ludwig, huku mapadre wakiletwa na askofu mkuu wa Salzburg.

Mwaka 867 ndugu wawili Wagiriki, Constantine na Methodius, walipitia kwake wakielekea Roma. Walikuwa wamebeba vitabu vya ibada vya Kislavu, vilivyoandikwa kwa hati ya Kiglagoli aliyoibuni Constantine. Wapinzani wao walishikilia kwamba Mungu huabudiwa kwa Kiebrania, Kiyunani na Kilatini tu. Kocel angaliweza kuwakirimu wageni na kuwasindikiza, adabu ingalitosha. Badala yake alijifunza hati hiyo yeye mwenyewe, mtawala na mtu mzima, kisha akawakabidhi wanafunzi wapatao 50.

Constantine alifariki Roma mwaka 869. Kocel akamwomba Papa Hadrian II amtume Methodius. Alipofika, akamrudisha Roma na watu 20 ili apewe uaskofu. Hapa siasa haikuwa mbali na imani, kwani mwenye askofu wake hamhitaji wa Salzburg. Rihpald, mkuu wa mapadre wa Salzburg huko Mosapurc, alifunga virago alipoona ibada ya Kilatini imedharauliwa na waumini.

Mwaka 870 maaskofu wa Bavaria walimhukumu Methodius, wakamfunga kwa takriban miaka miwili na nusu. Papa John VIII alipolazimisha aachiliwe mwaka 873, wao walimtishia Kocel asithubutu kumpokea. Methodius akaenda Moravia. Kabla ya mwaka 880 Mosapurc ilikuwa mikononi mwa Arnulf, mjukuu wa Ludwig, na hati aliyojifunza Kocel iliendelea kufundishwa katika nchi ya wale waliomuua baba yake.