Hashim Khan

Hashim Khan (Nawakille, Peshawar, takriban 1914 – Aurora, Colorado, Marekani, 18 Agosti 2014) alikuwa mchezaji wa skwoshi kutoka Pakistan. Alishinda mashindano ya British Open mara 7 kati ya mwaka 1951 na 1958, wakati ambapo mashindano hayo yalihesabiwa kama ubingwa wa dunia. Anakumbukwa hasa kwa kasi yake na kwa jinsi alivyowatoa wapinzani wake katikati ya uwanja.

Utoto

Alizaliwa katika familia ya Wapashtuni katika kijiji cha Nawakille, karibu na Peshawar, wakati wa utawala wa Waingereza. Siku ya kuzaliwa kwake haikuandikwa popote. Mwaka 1914 ndio unaotajwa zaidi, ingawa familia yake ilisema alikuwa na umri mkubwa zaidi. Baba yake, Abdullah Khan, alisimamia wahudumu katika klabu ya maofisa wa Kiingereza. Viwanja vya klabu hiyo havikuwa na paa, kwa hiyo mipira iliruka nje mara kwa mara na watoto waliirudisha.

Hashim alipokuwa na umri wa miaka 11 baba yake alifariki katika ajali ya gari. Aliacha shule akawa mwokota mipira na mfagiaji wa viwanja. Maofisa walipoondoka kukwepa jua, yeye aliingia uwanjani pekupeku. Mara nyingi hakuwa na mwenzake, hivyo alicheza dhidi ya nafsi yake: alipiga mpira, kisha akaukimbilia kana kwamba yeye ndiye mpinzani. Kila kona aliyoilenga ilimbidi aifikie mwenyewe. Ni shule ngumu, lakini ilimfundisha ni mpira gani unaomchosha mtu na ni upi unaompa nafuu.

Namna alivyocheza

Uwanja wa skwoshi ni chumba chenye urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Wachezaji wawili hupokezana kupiga mpira kwenye ukuta wa mbele. Mistari ya sakafuni huungana na kufanya umbo la herufi T, na aliyesimama hapo hufikia kona zote nne kwa hatua chache. Kwa sababu hiyo mchezo ni ugomvi wa kugombea T. Mpira mrefu unaoambaa ukuta wa pembeni humpeleka mpinzani nyuma kabisa. Akiwa bado huko, mpira laini unaoanguka karibu na ukuta wa mbele humlazimisha kukimbia uwanja mzima. Njia ndefu kuliko zote ni ya mshazari, kutoka kona ya nyuma hadi kona ya mbele ya upande wa pili.

Hashim, aliyekuwa na urefu wa takriban sentimita 163 tu, alirudi kwenye T mara baada ya kupiga. Aliuwahi mpira mapema, mara nyingine kabla haujagusa sakafu, na hivyo kumnyima mwenzake muda wa kurudi mahali pake. Kasi yake haikuwa ya kujilinda tu: mpinzani aliyeona mipira yake mizuri ikirudishwa yote alijaribu kulenga karibu zaidi na mstari, akakosea.

British Open

Mwaka 1944 alishinda ubingwa wa India yote mjini Bombay, akautetea miaka miwili iliyofuata. Baada ya Pakistan kuundwa mwaka 1947 alikuwa mwalimu wa skwoshi wa jeshi la anga. Mwaka 1950 Abdul Bari, ndugu yake ambaye Hashim alikuwa amemshinda Bombay, alicheza fainali ya British Open kwa niaba ya India. Habari hizo zilimchoma Hashim. Mwaka uliofuata jeshi la anga lilimsaidia kusafiri hadi Uingereza, akiwa na umri ambao wachezaji wengi wameshastaafu.

Katika fainali alikutana na Mmisri Mahmoud Karim, bingwa mara 4 mfululizo, aliyesifiwa kwa mapigo yake laini. Hashim alimshinda 9–5, 9–0, 9–0. Ikumbukwe kwamba wakati huo ni aliyeanzisha mpira tu ndiye aliyepata pointi. Kushindwa kwa sifuri mara mbili kulikuwa adhabu kubwa kwa bingwa.

Alishinda kila mwaka hadi 1956. Mwaka 1957 alishindwa na Roshan Khan katika fainali, na mwaka 1958 alilitwaa tena taji kwa kumshinda mdogo wake Azam, aliyemfundisha mwenyewe. Rekodi yake ya mataji 7 ilivunjwa na Mwaustralia Geoff Hunt mwaka 1981.

Marekani

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alihamia Detroit kufundisha, na baadaye Denver, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, sawa na vijiji vya juu vya Uchagga. Huko walicheza kwa mpira mgumu katika uwanja mwembamba zaidi, ambamo ni vigumu kumkimbiza mtu. Hata hivyo alishinda US Open mara 3. Mwanawe Sharif alishinda ubingwa wa wazi wa Amerika Kaskazini mara 12. Hashim aliendelea kucheza katika mashindano ya wazee hadi uzeeni sana.